Mzee Koki na Bomba la Hewani

Zamani fundi alijua bomba lilipo kabla hajashika sururu. Siku hizi wanapasua barabara nzima ndipo wanauliza maji yanatoka wapi. Mzee Koki alikuwa wa zamani. Kwa miaka thelathini na minane alifukia mabomba ya mji, na kila alilolifukia alilichora kwa penseli katika daftari lake: hatua kumi na nne kutoka kona ya ukuta wa shule, koki chini ya jiwe jeupe. Ofisi ya maji nayo ilikuwa na ramani, lakini zilihamishwa jengo mara tatu, na mara ya tatu hazikufika.

Sasa penseli ilikuwa inafifia, na macho yake vilevile. Ni presha ya macho, daktari alimwambia bila kumficha. Nuru iliyobaki ni ya wiki chache. Binti yake, naye fundi bomba katika ofisi ileile, alitaka kila mchoro ufafanuliwe na aliyeuchora, maana alama nyingi alizijua baba yake peke yake. Lakini mzee alipofungua daftari aliona ukungu mtupu.

Binti akanunua printa yenye skana juu yake. Ikawekwa sebuleni, kwenye soketi pekee iliyobaki wazi, na kompyuta ikakaa chumbani. Mzee akauliza waya uko wapi. Akaambiwa hakuna waya, ukurasa utapita hewani. Maishani mwake hakuwahi kuona kitu kikitoka chumba kimoja kwenda kingine bila bomba. Akaanza kupapasa ukuta kwa kiganja, kama anayetafuta unyevu, mpaka mkewe akamuuliza huo ukuta una mimba ya miezi mingapi.

Jaribio la kwanza liligonga mwamba. Kompyuta ilisema haioni skana yoyote. Binti akazima, akawasha, akarudia, jasho likamtoka. Mzee alikuwa bado amesimama sebuleni, mkono juu ya kifuniko cha mashine.

"Mama," akamwita binti yake kama alivyozoea, "hii mashine inakunywa wapi?"

"Kwenye kile kisanduku cha intaneti, juu ya kabati."

"Na kompyuta yako?"

Binti alitaka kujibu hapohapo, kisha akatazama vizuri. Asubuhi alikuwa ameiunganisha na simu yake, na bado ilikuwa inanyonya huko.

"Kwenye simu, baba."

"Basi hizo laini mbili hazijaungana. Utafungua koki mpaka kesho."

Binti akacheka kwa aibu, akaihamishia kompyuta kwenye mtandao wa nyumba, na skana ikajitokeza. Mzee akalaza ukurasa kifudifudi juu ya kioo. Mwanga ukatambaa chini ya kifuniko, akaitwa chumbani.

Ukurasa ulikuwa umeshafika. Binti akaukoleza, akaukuza, mpaka mstari wa penseli ukawa mnene kama kidole. Mzee akavua kofia. Aliona ukuta wa shule, akaliona jiwe jeupe, akaona hata doa la dole gumba lake la siku waliyochimba mvuani. Mtu huyu aliyezoea kulaani kila kipya hakupata cha kulaani.

"Hata tone halikumwagika," akasema polepole.

Wakaendelea hivyo asubuhi tisa, yeye akisoma alama, binti akiandika. Alhamisi wakafikia ukurasa wa mwisho, bomba la nyuma ya soko, ambalo binti alilichimba naye akiwa bado anajifunza kazi. Mzee akalifuata kwa kidole juu ya skrini, akitaja koki moja baada ya nyingine, akarudi mwanzo, akalifuata tena. Binti hakumharakisha.

Jumapili yake ukungu ulifunga kabisa. Alhamisi ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Mzee Koki kuyaona mabomba yake.