Nani Alilala Hapa Jana

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na baba watoto akisoma hapa atanisamehe. Ni siku niliyosimama mbele ya watu wazima wa kijiji kizima, kilimani juu ya Kashuga, nikiwa na miaka ishirini na miwili, kalamu mbili mfukoni na mashine ndogo ya kuhesabu mkononi, nikawaeleza habari za nyumba zao wenyewe. Nilikosea. Na lililo baya zaidi, hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Ngoja nianze mwanzo, maana ninyi vijana mnapenda kurukia mwisho.

Mwaka ule vita ilikuwa imewasukuma watu wengi kutoka misitu ya Walikale, njia ya Mubi, wakapanda hadi kwetu Masisi. Wengine walikaa kambini Kashuga. Wengine walipokelewa majumbani, wakalala pamoja na wenyeji juu ya mikeka ileile. Msimu wa kupanda maharagwe ulikuwa unakaribia, na shirika moja lilitaka kugawa mbegu na majembe. Watu wa kambini walikuwa wamekwisha kuandikwa. Lakini nyumba zilizopokea wakimbizi, nani alijua ni ngapi? Ndipo walipotafuta vijana waliomaliza shule wafanye anketi, yaani kazi ya kupita nyumba kwa nyumba ukiuliza na kuandika. Mimi nikachaguliwa kwa sababu nilikuwa hodari wa hesabu, na nisikufiche, nililijua hilo kupita kiasi.

Mkubwa wetu wa kazi, Papa Anselme, alikuja kwa pikipiki kutoka Goma akatupa sharti. Kijiji ambacho angalau robo ya nyumba zake, yaani asilimia ishirini na tano, zimepokea wakimbizi, lori la mbegu litapanda mpaka huko. Kikipungukiwa, lori litaishia kambini. Kwa hiyo elewa, mwanangu, kwamba nilichobeba katika daftari langu ni msimu mzima wa watu. Mimi niliona nimebeba daftari tu.

Nilipewa kijiji chenye nyumba hamsini. Nikazipita zote kwa siku moja na nusu, nikaona fahari. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, lakini mimi niliona huo ni msemo wa watu wasio na mashine ya kuhesabu. Kila mlango niliuliza neno lilelile lililoandikwa kwenye karatasi: "Hapa kwenu iko bakimbizi bangapi?" Kila mlango nikapata jibu la upesi. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Nyumba nne tu zilisema ndiyo. Nne gawanya kwa hamsini, zidisha mara mia, unapata nane. Asilimia nane. Nikaipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu.

Siku ya pili jioni nikaomba watu wakusanyike kwenye baraza ya chifu niwasomee matokeo, kama tulivyofundishwa. Nikaandika kwenye karatasi kubwa tarakimu zenye urefu wa mkono. Nikawaambia kwamba kijiji chao hakijafika robo, na kwa hiyo mbegu zitakwenda kambini. Walinisikiliza kwa utulivu mkubwa. Baba mmoja alipiga makofi mawili ya heshima, wengine wakafuata, wakaanza kuondoka. Hakuna aliyebisha. Nikadhani wameridhika. Kumbe watu wakinyamaza, mwanangu, si lazima wawe wamekubali. Wakati mwingine wanakuonea huruma.

Mwanamke mmoja mzee hakuondoka. Tulimwita Koko Mapendo, maana koko kwetu ndiye bibi. Alikuwa mfupi, mwenye mgongo wa mtu aliyelima tangu utoto, na sauti isiyopanda kamwe. Akanishika mkono kama anayemshika mtu wa kwake.

"Karibu ukule kwanza," akasema. "Hesabu inachokesha mutoto."

Nyumba yake nilikuwa nimeipita asubuhi ya kwanza. Karatasi yangu ilisema pale: hakuna. Nikaingia, nikaketi, sahani ya bugali ikawekwa chini na sombe kidogo, mboga ya majani ya muhogo, na watoto wakaja kuzunguka. Nikahesabu bila kutaka, ndiyo ilikuwa tabia yangu. Watoto saba. Mwanamke kijana mmoja ananyonyesha kichanga. Mwingine anapuliza moto, amevaa kitenge ambacho siku ya kwanza nilikuwa nimekiona kwenye kamba ya Koko. Alipowaita watoto waje kula, nikasikia lafudhi ya Walikale, ile ya watu wa msituni.

"Koko," nikasema, "hawa ni nani?"

"Hawa? Ni batoto yangu."

"Na huyu mama ya kitenge?"

"Riziki. Na yeye ni mutoto yangu."

"Alizaliwa hapa?"

"Alifika mwezi wa tatu."

Hapo damu ilinipanda kichwani. Nikaweka chini tonge. Nikamwambia, na bado naona aibu kulikumbuka, "Koko, basi ulinidanganya! Niliuliza bakimbizi, ukasema hakuna!" Nilisema kwa sauti ya juu, mbele ya watoto, katika nyumba ya mtu anayenilisha.

Riziki akaacha kupuliza moto. Koko Mapendo hakukasirika. Alinisogezea sahani tena mbele yangu, akasubiri nichukue tonge, nikachukua.

"Miye sikukudanganya," akasema. "Weye njo uliuliza mubaya. Ile asubuhi ulisimama pale inje, na huyu Riziki alikuwa amekaa mu mulango, anachambua sombe, anasikia. Ulitaka niseme nini? Niseme 'ndiyo, niko na mukimbizi mumoja na batoto yake bane', na yeye ananiangalia?"

Nikamtazama Riziki, naye akageukia moto wake.

"Bazee banasema mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Njo maana nilimupa. Sasa muntu mwenye kushika jembe yangu, mwenye kukula mu sufuria yangu, nitamwita mukimbizi tena? Hapa kwetu ile ni tusi, mutoto yangu. Ni kama kumwambia atoke."

Kisha akanyoosha kidole juu ya mafiga, kwenye kichanja ambako sisi watu wa milimani huning'iniza mbegu za maharagwe zipate moshi, wadudu wasizitoboe. Kikapu kilikuwepo. "Angalia ndani," akasema. Nikasimama, nikatia mkono, nikagusa vumbi la masizi.

"Tulikula mbegu," akasema Koko. "Watu kumi na moja hawawezi kungojea mavuno. Nyumba nyingi hapa ni vile. Miye sina cha kupanda."

Mwanangu, nililia. Sijui kama nililia kwa ajili ya kikapu kile au kwa ajili ya kiburi changu, ila chozi lilikuwa moja. Asilimia nane yangu, yenye mistari miwili myekundu, ilikuwa inakwenda kuwanyima mbegu watu waliozila kwa sababu ya wema wao. Na wema huohuo ndio uliowafunga midomo.

"Koko, ningeuliza namna gani?"

Alifikiri kidogo. "Uliza nani alilala hapa jana. Kulala hakuna haya. Muntu yote analala."

Mvua ilinizuia kuondoka, nikalala palepale, kati ya watoto wawili wenye miguu ya baridi. Asubuhi nikafungua daftari ukurasa mpya. Nikamwambia Koko tuanze na nyumba yake: nani alilala hapa jana? Akahesabu kwa vidole, akitaja kila jina bila kutofautisha wa kwake na wa Riziki, mpaka kumi na moja. Kisha akainua kidole kimoja zaidi.

"Na weye."

"Koko, miye ni wa anketi!"

"Ulikula mu sufuria yangu. Andika."

Tukacheka sote, Riziki naye. Nikaandika kumi na mbili ili kumfurahisha, na nilipotoka nje nikajifuta jina langu, maana kanuni ni kanuni.

Papa Anselme alifika saa tatu kuchukua karatasi zangu. Ningeweza kumpa zile za kwanza. Zilikuwa safi, na hakuna mtu ambaye angejua. Ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na kule nyumbani mama alikuwa amekwisha kujisifu kwa majirani. Nikamwambia zina kosa.

"Hesabu njo ilikosea?" akauliza.

"Hapana, Papa. Hesabu iko sawa. Swali njo ilikosea."

Akaanza kukunja karatasi zangu, kofia ya pikipiki bado kichwani. Nilijua ananifukuza. Nikamweleza habari ya mlango, ya kitenge na ya kikapu, nikichanganya maneno. Mwishowe akavua kofia. "Siku mbili," akasema. "Ikipita hapo, lori itaenda na huit pour cent yako, ile asilimia nane, na miye sitaweza kitu."

Siku mbili zile nililima matope kwa miguu. Watu walinicheka: "Mademoiselle, umerudi? Ulisahau nini?" Nikawaambia nimesahau kuuliza. Nikauliza nani alilala hapa jana, kisha mmoja mmoja, nani alilala hapa msimu wa mavuno uliopita, na mwisho nikaomba kuona kikapu cha mbegu. Nyumba thelathini na moja kati ya hamsini zilikuwa na mtu aliyelala jana ambaye mavuno yale hakuwepo. Asilimia sitini na mbili, mwanangu, katika kijiji kilekile, wiki ileile, mkononi mwa msichana yuleyule.

Na zile nyumba nne zilizosema ndiyo mara ya kwanza? Nilizirudia kwa udadisi. Zote nne zilikuwa zimegombana na wageni wao. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa imehesabu ugomvi, mimi nikauita ukarimu.

Lori lilipanda. Koko Mapendo alipokea mfuko wake wa mbegu, akaugawa mbele yangu mafungu mawili, lake na la Riziki, na mbegu zilizobaki kiganjani akazirudisha kikapuni juu ya moshi. Mavuno yalipofika alinitumia maharagwe kwa mkono wa mfanyabiashara, yamefungwa katika kipande cha kitenge kile. Sikuwahi kupika maharagwe matamu kama yale.

Ningeishia hapa, na kwa miaka mingi niliishia hapa nikiwafundisha vijana hesabu. Lakini leo nakuandikia nikiwa Shasha, kando ya ziwa, katika nyumba isiyo yangu. Vita haikuchoka, nasi tulishuka milima na tulichoweza kubeba kichwani. Mama Neema, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye hakuwa ananijua, alinifungulia mlango. Siku ya tatu akanipa kazi ya kuchambua samaki, nikajua nimekaribishwa.

Wiki iliyopita alikuja msichana mwenye telefone kubwa shingoni. Siku hizi telefone yenyewe inagawanya na kuzidisha, hata kalamu nyekundu haitakiwi. Nilikuwa nimekaa mlangoni na ungo wangu. Akamuuliza Mama Neema: "Mama, hapa kwenu iko badeplase bangapi?" Badeplase ni jina jipya la wakimbizi.

Mama Neema hakunitazama. "Hapa? Hakuna," akasema. "Huyu ni dada yangu."

Nililielewa fundisho la Koko kwa kichwa nikiwa kijana. Siku ile nililielewa kwa mgongo wangu ulioegemea mlango wa watu. Nikuambie ukweli wote: kwa kitambo kidogo nilitamani yule binti aende zake na sifuri yake, mimi nibaki dada. Kisha nikawaza vikapu vya Shasha nzima. Nikaweka ungo chini, nikamfuata njiani, nikamnong'oneza swali. Hakuona haya kurudi, Mungu ambariki, maana mimi katika umri wake ningebisha. Akarudi, akauliza nani alilala hapa jana. Mama Neema akataja tisa, akanitaja katikati, baada ya kifungua mimba wake na kabla ya mapacha. Safari hii sikujifuta.

Basi, mwanangu unayepita nyumba kwa nyumba, au unayekaa ofisini ukisoma tarakimu za wengine, nisikilize. Asilimia ina adabu kama mtoto aliyelelewa vizuri: hujibu alichoulizwa tu. Ukiiletea swali la aibu, itakupa jibu la aibu, tena kwa sura safi. Kabla hujagawanya, jua unagawanya nini kwa nini, na hiyo mia ni mia ya akina nani. Angalia nani amekaa mlangoni anasikia. Ukisikia "hakuna" nyingi mno, usifurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi, ingia ndani, utie mkono kikapuni. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, nami naongeza kwamba kuna kuuliza kwa kijinga, nilikokufanya mimi. Na ukikosea, sema umekosea kabla lori halijaondoka. Kazi hupatikana nyingine. Msimu ukipita, umepita.

Mungu akupe jicho la kuona na sikio la kungojea. Akupe mzee wa kukukemea huku akikusogezea sahani. Na ikifika siku yako ya kukaa mlangoni pa watu, maana hakuna ajuaye, akupe nyumba itakayokutaja jina katikati ya watoto wake, nawe usijifute.