Ndege Iliyokaa Kitako

Enzi zetu mtoto akipata kitu cha kuchezea kilichotoka dukani, habari ilifika kisimani kabla yake. Sisi wa Nyakahura vingine vyote tulijitengenezea. Magari tulikunja wenyewe kwa waya, mpira tulisokota kwa majani makavu ya mgomba, na tairi bovu la baiskeli likikuangukia mikononi ulilisukuma kwa kijiti kutoka nyumbani mpaka gulioni, ukitoa sauti ya injini kwa mdomo, mate yakiruka. Asubuhi mchakamchaka, kidumu cha maji mkononi na kuni begani, maana bila kuni mwalimu wa zamu hakukuelewa. Jioni viazi vitamu vya kuchoma majivuni, ganda jeusi likituachia masharubu. Tulikuwa na njaa karibu kila saa, na sikumbuki kama tulikuwa na huzuni.

Ndiyo maana siku baba aliporudi kutoka parokiani na boksi lile, nadhani hata ng'ombe wa jirani walijua.

Baba alikuwa seremala. Ukoo wetu ni Wahangaza wa Ngara, watu wa rozari na migomba, ila yeye alihamia huku upande wa Biharamulo kufuata kazi ya milango na mabenchi ya kanisa. Padri mmoja mzungu, ambaye baba alikuwa amemtengenezea kabati la vitabu, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Akagawa vitu vyake, na baba akapewa boksi la karatasi ngumu lenye picha ya ndege. Haikuwa ya abiria. Ilikuwa ya kivita, ya zile za mwanzo mwanzo zilizoachana na pangaboi, zinazovuta hewa kwa mdomo na kutema moto mkiani. Juu yake iliandikwa MiG-15. Dada yangu Konsolata akasoma "Migi", na tangu siku hiyo ikaitwa Migi.

Kwa ambaye hajawahi kuona kitu hicho: ndani ya boksi hakuna ndege. Kuna vipande vya plastiki ya rangi ya majivu, vimeshikamana kwenye fremu, unavikata kimoja kimoja kwa wembe na kuviunga kwa gundi, ukifuata karatasi ya michoro. Mwili umepasuliwa katikati kama ganda la karanga. Magurudumu matatu, kila moja dogo kuliko punje ya hindi. Rubani alikuwepo pia, ameketi, hana uso. Konso akamweka kiganjani akasema, "Huyu ni mimi."

Konso alikuwa amemaliza darasa la saba, mimi nikiwa la nne. Alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na wasichana waliochaguliwa kutoka shule yetu mwaka ule ni yeye peke yake. Sanduku lake la bati lilikuwa tayari limeandikwa jina kwa rangi. Akaniambia, "Deo, siondoki hapa kabla sijaiona imesimama kwa miguu yake." Mimi niliyekuwa nalia kimyakimya kila nikiliona lile sanduku, moyoni nikaomba kazi ichukue mwaka mzima.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mama. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini yeye lori likinguruma barabarani bado alikuwa anaangalia mlango. Akasimama chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, mikono kiunoni. "Ndege ya vita haiingii kwenye nyumba yangu."

"Ni plastiki, mama Konso," baba akasema.

"Hata nyoka wa plastiki ni nyoka." Halafu akamtazama Konso, na Konso alijua kutazama. Mama akalegea. "Haya. Ila bomu hapana. Nikiona bomu hata moja, ndege yenu inaingia chooni."

Tukaapa. Na kwa sababu tuliapa, tukaikagua ile karatasi ya michoro kama polisi. Kwenye mchoro wa pua tukakuta kiduara cheusi, kimewekwa ndani, na mshale, na maandishi ya lugha ambayo hata baba hakuijua. Konso akaweka kidole. "Bomu hili hapa." Tukalipiga mstari. Hatukuweka kitu chochote puani, tukajiona watoto watiifu kuliko wote wa jimbo.

Gundi ya kwenye boksi ilikuwa imekauka kama jiwe. Tukajaribu ulimbo, ule tuliokuwa tunanasia ndege wa kweli shambani. Ulishika nzi kumi na kitu na kifaranga kimoja cha mama, ambacho kilizunguka uani kikiburuta bawa la Migi huku mama akituita kwa majina yetu ya ubatizo. Tukajaribu gundi ya mbao ya baba. Ilikauka vizuri, halafu ikabanduka kama ganda la kidonda. Baba alikuwa anatuangalia, anacheka puani, anasema neno lake lile lile: "Mbao haina haraka. Mwenye haraka ni msumeno."

Aliyetuokoa ni Mzee Salumu. Wenzangu mnamkumbuka, yule fundi wa mabeseni aliyekaa mwanzo wa gulio, pembeni ya barabara. Watu wa kwao walitoka pwani zamani na biashara, wakabaki. Jiko lake la mkaa halikuzimika, na ndani yake daima kulikuwa na kisu kinachoiva. Beseni limepasuka, dumu linavuja, anapitisha kisu cha moto, plastiki inayeyuka, anakandika kipande cha beseni jingine, mchezo umekwisha. Zama zile kitu kilikufa mara tatu nne kabla ya kutupwa. Akaipokea Migi kwa mikono miwili, akaiunga yote, kuanzia mkia mpaka pete ya pua, ule mdomo wa kuvutia hewa, na palipopungua akajazia kwa beseni jekundu. Ikatoka na kovu jekundu tumboni. Tukaipaka rangi ya fedha iliyobaki kwenye geti la kanisa, tukaloweka majini zile nyota ndogo za karatasi zilizokuja kwenye boksi na kuzibandika mbawani, mojawapo kichwa chini.

Tukaiweka mezani. Ikainua pua, ikakaa kitako. Mkia chini, gurudumu la mbele hewani, kama mbwa anayengoja mfupa. Tuliisukuma mbele ikarudi. Baba akapima miguu, iko sawa. Konso alitoka nje akakaa kwenye kinu, na nilipomfuata nikakuta anafuta macho kwa upindo wa gauni. Zilikuwa zimebaki siku nne aondoke.

Siku ya gulio lililofuata, mama akaniita. Akafungua fundo la kanga, akatoa medali ya Bikira Maria. Ilikuwa ya shaba, nene, bibi alimvisha siku alipotoka kwao Ngara kuolewa. Kipete chake kilikuwa kimekatika. "Mpelekee Mzee Salumu akilehemu. Dada yako ataivaa shuleni. Huko bweni sitakuwepo mimi, atakuwepo yeye. Usiipoteze, mwana wanje." Ndivyo alivyosema "mwanangu" kwa Kihangaza.

Nikaifunga kwenye leso. Na Migi nikaibeba kwapani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndege imekataa kuruka?"

Nikamwonyesha inavyokaa. Nikamweleza na habari ya bomu tulilolikataa. Mzee Salumu alicheka mpaka akashika mbavu. "Bomu wapi, mjukuu wangu! Huo ni uzito. Ndege hii imeshiba mkiani, puani ina njaa. Waliochora walitaka uitilie kitu kizito, nanyi mkaona bomu." Akachoma kisu, akaing'oa ile pete ya pua taratibu, pakabaki tundu. Akatia kokoto, nyepesi. Akachukua nati ya baiskeli, haikupita. Akatafuta kwenye kopo lake, akatikisa kichwa. "Njoo gulio lijalo nikutafutie."

Gulio lijalo Konso angekuwa hayupo.

Sijui niseme nini cha kujitetea. Nilikuwa na miaka kumi. Nilifungua leso, nikachukua medali, nikaichomeka tunduni mwenyewe. Ilipita kana kwamba ilipimwa. Migi ikainama polepole, ikagusa meza kwa gurudumu la mbele, ikasimama.

Mzee Salumu hakucheka tena. "Bibi Mariamu huyu. Hata sisi kwenye Msahafu ana sura yake nzima. Mama yako ameridhia?"

"Ameridhia, babu."

Akairudisha pete ya pua na kuiziba kwa kisu cha moto.

Nyumbani Konso alipoiona imesimama alipiga kelele, akaibeba, akazunguka nayo uani, baba akapiga makofi kama yuko uwanja wa mpira. Mama akatoka jikoni, akauliza, "Deo, medali?"

"Nimempa dada."

Konso aligeuka akanitazama. Ndege bado ilikuwa mikononi mwake. "Ninayo, mama," akasema. "Nimeihifadhi sandukuni."

Nilidhani ameona nimeipoteza, ananikinga na fimbo. Usiku kucha nilipanga kumweleza. Asubuhi nikaahirisha mpaka jioni, na jioni mpaka kesho.

Siku ya kuondoka lori lilisimama barabarani mapema, na umande haujakauka. Kwetu mtoto haondoki bila msalaba: mama anakuchora kwa kidole gumba kwenye paji la uso, hata kama unakwenda mnadani tu. Mama akanyoosha mkono, lakini kwanza akapapasa shingo ya Konso. Hakukuta kitu.

"Iko wapi?"

"Ilizama mtoni, mama, nilipokuwa nafua. Nisamehe."

Mkono wa mama ulishuka. Akageuka, akaanza kupandisha njia ya nyumbani, kanga ikiburuta kwenye majani. Konso alingoja kidogo, paji la uso likiwa tayari, kisha baba akamsaidia kupanda juu ya magunia. Nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili, na mdomo ninao. Sikuufungua.

Mama alimsamehe, bila shaka. Konso aliporudi likizo alikuta amechinjiwa kuku, na misalaba mingine alipata mingi. Lakini ule wa siku ile haukurudi. Migi iliwekwa kwenye rafu chini ya Moyo Mtakatifu, ikakaa hapo miaka yote. Kila Jumamosi mama aliifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, kwa uangalifu kuliko vikombe vya wageni, akinung'unika kwamba ndege ya vita imemshinda nguvu. Nilikuwa namwangalia anafuta medali yake mwenyewe bila kujua. Tulimzika mwaka juzi, na hakuwahi kujua.

Sasa Migi iko sebuleni kwangu, Ngara mjini. Mwanangu wa mwisho, Kelvini, ana ndege arobaini ndani ya simu, anaangusha mabomu kabla ya kifungua kinywa, na betri ikiisha anakaa kama aliyefiwa. Nikimwambia ndege yetu ilituchukua wiki kadhaa na kifaranga kimoja, ananionea huruma. Watoto hawa kila kitu kinawajia kimeshaungwa. Kikiharibika hawamjui fundi wa kisu cha moto, wanajua kuagiza kingine. Lakini juzi, simu ikiwa kwenye chaji, Kelvini aliichukua Migi akaitikisa. "Baba, humu ndani kuna kitu kinagonga. Niipasue tuone?"

Nikahisi nina miaka kumi tena. Nikasema asubiri, tumpigie shangazi.

Konso ni muuguzi mstaafu, anaishi Mwanza. Akatokea kwenye kioo cha simu na miwani yake, mvi zimejaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya miaka mingi. Kelvini akanitangulia, akaisogeza ndege mbele ya kamera. "Shangazi, tunataka kuipasua hii, kuna kitu ndani."

"Thubutu!" Konso akasema. "Mkitoa medali itakaa tena kitako."

"Dada. Ulijua?"

"Tangu siku ile ile, Deo. Mama anauliza, mimi nimeishika mkononi, naitikisa, inalia. Ningesema nini? Wangeipasua mbele yangu. Nilitaka niondoke nikijua imesimama."

"Ukaondoka bila msalaba."

Nyuma yake kuku walikuwa wanagombana. "Huo," akasema, "ndio niliouona mzito. Shuleni nilikuwa najichora mwenyewe usiku. Si sawa na wa mama."

Nikamwomba msamaha, hatimaye, mbele ya mtoto wangu aliyekuwa ametoa macho. Konso akacheka kile kicheko chake cha utotoni, akavua miwani, akasogeza uso karibu na kamera mpaka paji likajaa kioo kizima, lenye mikunjo, linang'aa. Hakuomba kwa maneno. Nikanyoosha kidole gumba, nikamchorea msalaba pale pale juu ya kioo, kama mama, kutoka juu kwenda chini, kisha upande kwa upande. Nilipofika pembeni nikagusa kitufe chekundu, simu ikakata.

Enzi zetu msalaba haukumkatia mtu simu. Mkono ulikuwa na joto, na harufu ya moshi na vitunguu, na paji la uso lilikuwa paji la uso. Nilibaki na kioo cheusi mkononi, Kelvini akinifundisha jinsi ya kupiga tena, mtandao nao ukagoma kama kawaida yake. Migi ilikuwa mezani, imesimama kwa magurudumu yake matatu.

Baadaye simu ikalia mlio wa ujumbe. Konso alikuwa ameandika maneno mawili tu: "Msalaba umefika."