Mkwe Wangu, Mota ya Bwawa na Waya wa Ardhi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msicheke mapema. Mtaona bibi aliyeishia darasa la nne anaandika habari za mota ya bwawa la kuogelea, mtasema amechanganyikiwa. Someni kwanza. Mimi nimeishi na mota miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu.

Marehemu mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga pale Kisesa. Yeye alipima mahindi na kupiga soga na wateja, mimi niliisikiliza mota. Ikiunguruma bila kuzunguka, nilijua. Ikianza kunuka kama sufuria iliyokaukiwa, nilijua. Na kila asubuhi, kabla haijawashwa, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwaga ndoo ya maji nyuma ya kibanda, pale ilipozikwa nondo ya shaba iliyofungwa waya wa ardhi. Alinieleza mara moja tu: umeme ukipotea njia ukaingia kwenye chuma cha mashine, waya ule unaupeleka ardhini usimpitie mtu, lakini udongo mkavu haupokei. Basi nikamwaga maji, kiangazi na masika. Masika aliniambia nipumzike, sikupumzika.

Sasa naishi kwa binti yangu wa mwisho. Ni mwalimu, na mume wake ni fundi umeme. Walinunua nyumba mlimani, upande wa Butimba, katikati ya mawe, na nyuma yake kulikuwa na bwawa la kuogelea lililokufa, limejaa vyura.

Nikamwambia binti, "Ziwa lote hilo hapo chini, nyinyi mnataka la kwenu?"

"La kwetu halina kichocho, mama."

Nikaenda zangu ndani. Kuondoka si kukubali.

Wakalifufua. Mwaka huo huo goti langu la kulia likavimba, nikawa mtu wa fimbo. Daktari akasema nitembee ndani ya maji ya kifuani kila siku, maji yatanibeba. Nikaingia katika bwawa lile lile nililolicheka, nimevaa gauni la zamani, nimejifunga kanga kiunoni, nikizunguka kama ng'ombe kwenye josho. Baada ya miezi miwili fimbo ikabaki nyuma ya mlango. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa anaoa, na mimi nikatamka mbele ya wanawake wa ukoo wote kwamba nitampokea bibi harusi nikicheza, mikono mitupu.

Zikiwa zimebaki wiki tano, mota ya pampu ikafa. Siku ya nne maji yakawa ya kijani. Wiki ya pili goti likaanza kukaza tena, na fimbo ikatoka nyuma ya mlango. Wanawake wale nawajua. Wasingesema kitu, wangeniletea kiti.

Mkwe akaenda mjini akanunua mota mpya yenye nguvu kuliko ya kwanza. Mtasema, fundi yuko humo humo nyumbani, shida iko wapi? Shida ilikuwa heshima. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Ananisalimia kwa mbali, macho chini, "Shikamoo mama," namjibu, "Marahaba baba," tumemaliza. Hatuli meza moja. Tukikutana kwenye njia ya bafuni mmoja anageuka. Mimi nikiwa na neno kwake, linapita kwa binti yangu. Tulikaa hivyo miaka tisa, na hakuna aliyeumia.

Jumamosi ya kwanza alifunga mota mpya kwa waya ule ule wa zamani. Waya ulitoka kwenye mita mbele ya nyumba, ukazunguka hadi nyuma, mrefu na mwembamba. Nikamnong'oneza binti, maana mama mkwe hapazi sauti mbele ya mkwe.

"Mwambie waya huo ni mwembamba. Mota hiyo itakosa nguvu ya kuanza, itaungua."

Binti akaenda. Namsikia kwa masikio yangu: "Mama anauliza, waya unatosha?"

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi, unatosha."

Akarudi. "Anasema unatosha."

"Mimi nimeuliza?"

"Mama, sasa nimwambieje mume wangu kwamba umeme hajui?"

Akawasha. Mota ikaunguruma kama fahali aliyefungwa, haikuzunguka, ikaanza kunuka. Akaikimbilia akazima. Nikatazama ziwani kana kwamba sikuona kitu. Wiki hiyo alinunua waya mnene, akaulaza wote upya ndani ya bomba la plastiki, akaweka na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Kazi safi, simnyimi sifa yake. Maji ya kijani tukayamwaga, tukajaza mapya.

Jumamosi ya pili nilikuwa nimekwisha vaa gauni langu, nimekaa kwenye ngazi ya bwawa, miguu ndani ya maji mpaka magotini. Sikuwa na subira. Binti alikuwa jikoni anakaanga sato. Pampu ilikuwa hatua chache kutoka nilipokaa, na mkwe alikuwa amenipa mgongo, anakaza skrubu ya mwisho. Hapo nikauona. Waya wa njano na kijani, ule wa ardhi, ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa utepe, haujaenda popote.

Nikamwita binti kwa mkono. Akaja na kijiko cha mafuta.

"Mwambie hawashi kitu mpaka waya wa ardhi ufike ardhini."

Akainua sauti akiwa pale pale: "Mama anauliza kama kila kitu kiko sawa."

"Kiko sawa. Ardhi nitaimalizia kesho, hapa pote ni jiwe, nondo haiingii. Nataka tu kuona kama inazunguka."

"Anasema kiko sawa," binti akaniambia, akakimbilia samaki wake.

Kesho. Mimi miguu yangu ilikuwa majini leo. Mkwe akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Baba," nikasema. "Toa mkono hapo."

Miaka tisa hajasikia sauti yangu ikimwamuru. Mkono ukabaki hewani. Akaanza kugeuka, akakumbuka nimevaa nini, akageukia ukuta.

"Nimetoa, mama."

"Waya wa ardhi umeufunga kama mtoto wa mgongoni. Unampeleka wapi?"

Akauambia ukuta: "Nondo imegoma, mama. Nimejaribu sehemu tatu, kote jiwe. Na miguu yako sikuiona, nilikuwa naogopa kutazama huko."

"Jiwe ni hapa juu. Nenda chini ya jiko, kwenye migomba. Maji ya kuogea yanamwagika pale kila siku, udongo ni laini na haukauki. Nondo itaingia yote."

"Ni mbali kidogo, mama, waya utahitaji mita kumi na mbili."

"Baba, kuna mtu amekuuliza umbali?"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani nimemliza mtoto wa watu. Kumbe anacheka. Na mimi nikacheka, kila mtu akitazama upande wake. Binti akatoka jikoni, akanikuta majini nacheka na mume wake ukutani anacheka, akaacha sato wakaungua.

Nondo iliingia migombani mpaka ikabaki kipande cha kufungia waya. Akapima kwa kifaa chake, akasoma, akasema kwa sauti, kwangu moja kwa moja, "Imepokea, mama." Nikatoa miguu majini. Akawasha. Mota ikazunguka kwa sauti nyembamba, safi, maji yakaanza kutembea. Nikamwambia aende mbele ya nyumba, nikaingia mpaka kifuani.

Kwetu aliyevunja heshima ya ukwe hutoa kitu. Nikampelekea jogoo. Naye akasema mwenye kosa ni yeye, akaniletea kitenge. Nilikivaa harusini. Nilitoka kumpokea bibi harusi nikicheza, mikono mitupu, na kiti walichonitayarishia nikamwachia shangazi wa upande wa pili, mdogo wangu kwa miaka sita.

Turudi jioni ile ya pampu. Niliwaita wote sebuleni, mkwe akasimama karibu na mlango kama kawaida yake, macho chini. Nikawaambia: "Heshima zetu zinabaki zilivyo. Mezani simtaki na bafuni simtaki. Lakini habari ya umeme katika nyumba hii haitumwi kwa mtu. Anayeuona waya mbaya amwambie aliyeushika, kwa mdomo wake, hata akiwa mkwe, hata nikiwa mimi. Na kila asubuhi kabla ya pampu kuwashwa, ndoo moja ya maji kwenye nondo, masika na kiangazi. Kesho anaanza mwanangu mwalimu, na asiniulize kama inatosha."