Siku Niliyojifanya Naishi Kwangu

Mimi, karani mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, juma hili nimejiaibisha kuliko mlevi wa sokoni. Cheka tu, nimestahili.

Tangu nihamishiwe Kabambare, nyumba yangu ya Kasongo nilimpangisha Ramazani, fundi cherehani. Nilipopata mnunuzi wa bei nono, nikaambiwa serikali itakata kodi kwenye faida, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kupangisha. Kama ningekuwa ninaishi humo mwenyewe, nisingelipa kitu.

Basi bwana mjanja nikamtangulia Mbelgiji wa kodi aliyekuwa anakuja kukagua.

"Ramazani, leo hii nyumba iko yangu. Watu wako wote watoke."

"Sawa, Bwana karani."

Wakatoka wote, hata mama mkwe wake. Nikatundika koti langu ukutani, nikavua viatu, nikaketi nimenenepa kwa uongo.

Mbelgiji akaingia, akatazama huku na huku.

"Bibi yako iko wapi?"

Mke wangu alikuwa Kabambare, shambani kwake.

"Iko mugonjwa kidogo, Bwana. Amelala mu chumba."

"Pole. Nitamusalimia."

Kabla sijainuka, alikwisha sukuma mlango. Kumbe Idi ilikuwa karibu, na Ramazani alikuwa amemfungia humo mbuzi wake wa kuchinja, asiibwe. Mbuzi alikuwa amesimama juu ya mkeka, anatafuna.

Mbelgiji akavua kofia, akainama kwa adabu.

"Bonjour, madame."

Mbuzi akaitikia.