Maana ya Kuchukua

Watu wa kwetu wanajua kulia, hilo siwanyimi. Mwaka jana, Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, pasta alifunika madirisha ya kanisa kwa mashuka, akawasha projekta ya kukodi, tukaonyeshwa sinema ya kesi kutoka Amerika. Mtu mweusi, fundi wa mbao, amefungwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mashahidi walimwona kwa sababu walitaka kumwona. Wakili wake anasema mpaka anakauka koo, na hakimu anaangalia saa. Basi kanisa zima likalowa machozi. Woi! Akina mama wametoa leso, na mzee mmoja wa kanisa aliyekaa benchi la mbele anatikisa kichwa akisema kwa sauti, "Wazungu hawana utu! Kumhukumu mtu kwa ngozi yake!"

Mimi nilikuwa benchi la nyuma yake na nilikuwa na kitabu kinene cha nyimbo mkononi. Mungu anisamehe, nilitamani kumpiga nacho kisogoni.

Huyo mzee ndiye mwenye mbuzi. Niwaeleze, maana bila hao mbuzi hamtaelewa kwa nini mwanamke wa umri wangu alitaka kupigana kanisani.

Kwa miaka mingi nilikuwa mkalimani wa mahakama, huku kaskazini mwa Kitui, mji mdogo wa soko mbele ya Kyuso. Hakimu anaandika kwa Kiingereza, mshtakiwa anasema kwa Kiswahili au Kikamba, na mimi niko katikati, nikibeba maneno huku na kule. Kazi niliipenda na nilijisifu nayo. Nikipita sokoni watu walinisalimu kwa heshima, na wengine kwa woga, na nilifurahia vyote viwili.

Miaka minne kabla ya sinema hiyo, mzee wa kanisa alipoteza mbuzi kumi na mmoja. Wakapatikana katika zizi la mfanyabiashara mmoja Msomali. Huyu si mgeni. Alizaliwa hapa hapa mjini, alisoma darasa moja na kaka yangu, Kikamba anakisema mpaka matusi yake. Mke wake ana duka la kona, sote tulikuwa tukichukua sukari na unga kwake. Lakini siku hiyo sokoni hakuna aliyemwita jina lake. Ilikuwa "warya ameiba", "warya wamezidi", lile jina la dharau tunalowaitia Wasomali, mpaka polisi wakaja.

Akasimama kizimbani akiwa ametulia kabisa, kwa sababu alijua hana kosa. Hakuwa na wakili. Nikamsomea shtaka, nikamuuliza kama kawaida, "Ni kweli au si kweli?"

Akajibu, "Hao mbuzi ni kweli nilichukua, wote kumi na mmoja. Si nilichukua mchana, kila mtu akiona?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika soko letu la mbuzi hakuna mtu anayesema kununua. Kununua ni neno la shuleni. Ukisimama na beberu wako, mtu anakuja, anamshika mgongo, anamwangalia meno, unamuuliza, "Unachukua?" Anasema, "Nachukua." Mkalipana, basi. Jioni mkewe akimuuliza siku ilikuwaje, anasema, "Leo nimechukua saba." Hata mtoto wa miaka mitano kwetu anajua hivyo. Mimi baba yangu alinisomesha kwa mbuzi wa soko hilo hilo. Neno hilo nililinyonya ziwani.

Na bado nilifungua mdomo wangu nikalitoa kwa Kiingereza vile lilivyo, uchi: amekubali kwamba aliwachukua, tena mchana peupe, watu wakimtazama. Kwa Kiingereza ilisikika kama jambazi anayejisifu. Watu wakacheka. Hakimu, ambaye alikuwa ametoka mbali na soko letu halijui, aliinua macho akamtazama kama mtu asiye na haya. Akaandika kwamba mshtakiwa amekubali kosa. Maelezo ya kesi yakasomwa, akaulizwa kama ni kweli mbuzi walipatikana kwake. Akasema ni kweli. Angesemaje? Si walikuwa kwake!

Akapewa miaka saba. Nilipomtafsiria hiyo miaka saba alinitazama mimi, si hakimu. Akasema kwa Kikamba, polepole, kwamba kuna makosa mahali. Askari akamvuta.

Mtaniuliza kwa nini. Mimi mwenyewe nimejiuliza. Kwa muda mrefu nilijipa jibu la kisomi: mkalimani hafasiri moyo wa mtu, anafasiri neno. Uongo mtupu. Ukweli ni huu, na niuseme sasa nikiwa na nguvu. Wiki ile ngamia walikuwa wameingia katika shamba la kaka yangu wakamaliza ndengu zote, msimu mzima. Wenye ngamia walikuwa wafugaji wa kupita, kutoka mbali huko ng'ambo ya mto, watu ambao huyu mfanyabiashara hakuwajua hata kwa sura. Lakini nilipomwona kizimbani niliona wale. Kwangu wote walikuwa uso mmoja. Neno lilipofika ulimini mwangu nilijua lina maana mbili, nikachagua ile ya kumuumiza. Nilimfunga mtu kwa ajili ya ndengu, na hata ndengu si yeye aliyezila.

Mwizi je? Haikupita miezi mitatu soko zima likajua. Mbuzi waliuzwa na mtoto wa kiume wa yule yule mzee wa kanisa, mtu mzima mwenye ndevu, aliyewatoa zizini kwa baba yake na kuwapeleka sokoni. Mzee alijua. Chifu alijua. Mimi nilijua. Tukasema, ah, maji yakimwagika hayazoleki, na mtoto wa mtu ni wetu, utamfanya nini? Mbuzi walisharudi, basi mambo yameisha. Yameisha kwa nani, hatukuuliza.

Mke wa yule mfanyabiashara alinijia nyumbani mwaka wa pili wa kifungo. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, chai hakuigusa. Alikuwa amepata wakili wa kukata rufaa, na wakili alihitaji kitu kimoja tu.

"Dada," akaniambia, "wewe ni mtoto wa hapa. Sitaki useme mume wangu ni mtu mzuri. Sema tu hilo neno sokoni lina maana gani. Uandike, uape, basi."

Nikamwambia, "Mimi natafsiri, mama. Sitoi ushahidi." Eti mimi! Nikiwa nimekaa wima kama jaji. Niliogopa kazi yangu, na zaidi niliogopa watu kusema nimewauza wenzangu kwa Wasomali. Alisimama, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaenda zake. Baadaye nilisikia mumewe amehamishiwa gereza la upande wa Makueni, na kwamba mama huyo anafunga duka kila mwezi kwenda kumwona. Nikaanza kununua sukari duka lingine.

Sasa turudi kanisani. Sinema imeisha, mashuka yametolewa dirishani, watu wanafuta macho. Pasta akauliza, "Wapendwa, tumejifunza nini?" Mama mmoja akasema tuwaombee weusi wa Amerika. Amina. Mwingine akasema ubaguzi ni dhambi kubwa. Amina. Yule mzee mwenye mbuzi akasimama, kofia mkononi, akasema sisi Waafrika tumshukuru Mungu kwa sababu sisi hatuna roho kama hiyo.

Hapo nikashindwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Nikajikuta nimesimama.

"Na yule wa duka la kona?" nikauliza.

Mtu akakohoa. Pasta akasema, "Mama, hayo tutaongea baadaye."

"Hapana, tuongee sasa, machozi bado hayajakauka."

Mzee akageuka, akasema bila hata aibu, "Yule alikubali kosa mwenyewe. Wewe si ulikuwepo?"

"Hakukubali," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemkubalia. Na wewe unajua mbuzi wako waliuzwa na nani."

Wakaanza wimbo. Haki ya Mungu, walinifunika kwa wimbo, na makofi juu. Tangu siku hiyo benchi langu nakaa peke yangu.

Jumatatu asubuhi nilienda duka la kona. Mama yule alinitazama, akamalizana kwanza na mteja aliyetaka sabuni, akamrudishia chenji polepole. Nikamwambia nimekuja kuapa. Hakunikumbatia, hakulia. Aliuliza tu, "Leo?" Nikasema leo. Akafunga duka, tukaenda kwa wakili wake, nikaandika yote, pamoja na ndengu. Kazi niliiacha mwenyewe kabla hawajanifukuza.

Rufaa ilisikilizwa Kitui mjini, mahakama kuu, miezi mingi baadaye. Jaji alisoma kiapo changu, akavua miwani, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Upande wa mashtaka haukupinga. Jaji akasema yale hayakuwa maungamo ya kosa hata kidogo, akafuta kifungo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maharagwe. Mtu alikuwa amekaa ndani karibu miaka mitano.

Siku hiyo ya rufaa, nilipomwona kizimbani sikumtambua upesi. Nywele zilikuwa nyeupe na meno ya mbele hayakuwepo. Na pembeni yake alisimama mwanamume mwenye miwani, mkalimani wa Kisomali. Nikashangaa. Jaji pia alishangaa, kwa sababu faili lilionyesha kesi ya kwanza iliendeshwa kwa Kiswahili. Akamuuliza, kwani Kiswahili hakijui?

Alimsikiliza mkalimani mpaka mwisho, kisha akajibu kwa Kisomali. Mkalimani akasema, "Mheshimiwa, anasema alikuwa anakijua."

Walipomwachilia nilimngoja kwenye korido. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Nilikuwa nimejipanga, nimetayarisha maneno njia nzima, lakini nilipofika mbele yake yote yalinitoka. Nikasema, "Pole, mzee. Ni mimi nilikukosea."

Alinisikia. Nilimwona macho yakinisikia. Utotoni mtu huyu alicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nyumbani kwetu, alimwita mama yangu mama, kwa Kikamba safi. Lakini alimgeukia yule mkalimani mwenye miwani, akangoja, mpaka pole yangu ikageuzwa kuwa Kisomali.

Ndipo akasema. Alisema kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti, akinitazama usoni, na mkewe aliinamisha kichwa akaanza kulia. Mimi nilisimama pale nikiwa sijui hata neno moja. Alipomaliza, nikamtazama mkalimani.

Mkalimani akasafisha koo. "Anasema ni sawa."

"Ni hayo tu?" nikauliza.

Akaangalia sakafu. "Ni hayo tu, mama."