Mguu Wangu Kwenye Mizani ya Ufuta

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la ufuta, Ruponda. Nilijiapiza kushika simu wakati wa chai tu, lakini siku ile kundi la ukoo lilikuwa linabishania harusi ya Ruangwa, nami nikashindwa kukaa kimya. Nikawa nachapa ujumbe, mguu mmoja nimeuegesha juu ya mizani, namba naitupia jicho tu na kuitangaza. Wakulima waliona magunia yao yamenenepa, wakanyamaza.

Ikafika zamu ya Bi Somoe, bibi mmoja wa Marambo.

“Kilo kumi na mbili,” nikatangaza.

“Mjukuu wangu,” akasema taratibu, “gunia langu bado liko kwenye baiskeli. Hapo umepima mguu wako.”