Foleni Fupi ya Mlango wa Tatu

Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba marehemu baba yangu bado anapokea maziwa Keringet. Alikuwa mpokeaji kwenye mlango wa tatu wa kituo cha maziwa tangu dunia iumbwe, na alipozikwa watu wakaanza kusema mlango ule umemgomea mrithi wake: kila mtungi ukifika, mzee anaunusa kwanza, polepole kama alivyozoea, ndipo aliye hai aruhusiwe kuupima. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu, nilimeza habari hiyo bila kutafuna.

Ushahidi nilikuwa nao. Kila asubuhi nilimbebea mama mtungi wake mmoja, na tukifika chini ya paa nahesabu vichwa. Mlango wa kwanza, foleni imefika Uganda. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, watu watatu, wanne. Mimi msomi nampeleka mama wa tatu. Basi tunasimama. Ukungu wa kule, ukinyoosha mkono unauaga kabisa. Foleni ndefu zinaisha, watu wanarudi kwao, wanakunywa chai, karibu wanaoza mabinti, na sisi bado tunatazama kisogo kile kile.

Na kituo kilikuwa kimemwonya mama: maziwa yake yakichacha tena, yasirudi hapo. Kwingine pa kuyapeleka hapakuwa.

"Amenikasirikia," mama aliniambia asubuhi moja, macho mlangoni. "Kuna kitu sikumfanyia wakati wa ugonjwa."

"Mama, wacha."

"Angekuwa hana neno na mimi, angetupitisha."

Hata mimi nilimsikia. Mfuniko unafunguliwa ndani, kimya, halafu ile pumzi ndefu ya puani. Nilikuwa nimeanza kumwamkia moyoni. Kuna siku nilichagua mlango ule bila kuhesabu mtu yeyote, ili tu nisimame karibu naye.

Kisha likaja juma la jua kali. Nilipoona mama ameshika mtungi kwa mikono miwili, akiuomba maziwa yasigande, niliwapita waliokuwa mbele na kumwendea mwanamke aliyechukua kazi ya baba.

"Dada, mzee anataka nini ndio atupitishe?"

"Mzee gani?"

"Baba."

"Mpe sigara, boss," akasema mwenye punda aliyekuwa mbele yetu, na wenzake wakacheka.

Yule dada hakucheka. Alinishika mkono akanitoa nje ya paa, hadi ilipo mikokoteni ya punda. Ilikuwa imejaa mitungi juu hadi chini, maziwa ya majirani ambao hutuma kila kitu na mtu mmoja. Mlango wa tatu ndio pekee wenye nafasi ya kushushia mizigo.

"Unahesabu vichwa," akasema. "Hesabu mitungi. Hawa watu watatu wamebeba maziwa ya kijiji kizima, na kila mtungi lazima niunuse peke yake, kwa sababu mmoja mbaya unaharibu tangi lote. Kule mlango wa kwanza kila mtu ana mtungi mmoja kama wenu. Foleni ni ndefu, lakini kazi ni kidogo. Mpeleke mathe wako huko. Baba yako alikufa. Anayenusa hapa ni mimi."